Mahali pa Kushinda Mzee

Neno kushinda katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja, na mojawapo ni kukaa mahali tangu asubuhi hata jioni. Jioni mtu humwuliza mwenzake, "Umeshindaje?" naye aulizwaye hujibu kwamba ameshinda vyema, au ameshinda na njaa, au ameshinda peke yake. Jibu hili la mwisho aghalabu hutolewa kwa sauti ya chini. Kulala kunahitaji mlango, kitanda na blanketi; kushinda kunahitaji watu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkazi wa Kumsenga katika wilaya ya Kibondo, aliitambua tofauti hiyo mama yake mzazi alipopita umri wa miaka 80. Usiku mama huyo alikuwa na pa kulala. Mchana hakuwa na pa kushinda.

Kumsenga imo katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha. Ni nchi ya vilima na mabonde, ya migomba, muhogo, maharage na asali, na wilaya yenyewe imepakana na Burundi. Mgeni apitaye huko hudhani kwamba mzee hawezi kukosa mtu wa kukaa naye, maana nyumba zimejaa watoto. Dhana hiyo ni kweli saa mbili usiku. Saa nne asubuhi si kweli. Mwaka 2016 elimu katika shule za serikali ilianza kutolewa bila ada mpaka kidato cha nne, na watoto wengi wamo madarasani. Hili ni jema, wala hapana mtu mwenye akili atakayelilaumu. Lakini mjukuu wa miaka tisa, ambaye zamani angalimshika bibi yake mkono akampeleka juani, na kumchunga huku akichezea udongo, sasa yuko shuleni akiandika insha juu ya bibi yake. Wakubwa wako shambani, au sokoni, au kazini. Nyumba iliyolaza watu sita haibaki na mtu ila mzee na kuku.

Kusema kwamba zamani wazee walitunzwa vizuri kuliko sasa ni rahisi, na wasemao hivyo mara nyingi ni wanaume. Katika ukoloni Kigoma ilikuwa chemchemi ya vibarua wa mashamba ya mkonge. Wanaume wa Buha walichukuliwa kwa garimoshi wakaenda Tanga na Morogoro kuwa manamba, na tangu mwaka 1944 makabaila wa mkonge walikuwa na shirika lao maalumu la kuwatafuta vibarua hao. Wazee waliobaki vilimani walitunzwa na wake wa wale waliokwenda, na wake hao hawakuulizwa kama wana nafasi. Mume wa mama huyu alikuwa mmoja wa waliokwenda Tanga; mama yake mume alifia mikononi mwa mkwewe. Kwa hiyo mama huyu aliijua kazi ya kumshinda mzee kabla yeye mwenyewe hajawa mzee wa kushindwa naye.

Ugonjwa wake haukuja kwa kishindo. Ulikuja kwa chumvi. Alitia chumvi mara mbili katika maharage, kisha mara tatu, kisha akaacha kutia kabisa. Akauliza mumewe amekwenda wapi, na alipoambiwa kwamba amekwisha kufa siku nyingi alilia kana kwamba habari ndiyo inafika sasa. Aliuliza tena kesho yake, akaambiwa, akalia tena. Basi watoto wake wakajifunza kumjibu kwamba baba amekwenda kutazama mizinga yake ya nyuki, jibu ambalo katika uhai wa marehemu lilikuwa kweli mara nyingi.

Baadaye Kiswahili kikaanza kumtoka. Kiha alikinyonya, lakini Kiswahili alikipata ukubwani, kwanza kwa mumewe aliporudi kutoka mkongeni, kisha katika darasa la watu wazima chini ya mwembe, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Alikuwa akisoma magazeti kwa sauti, akijivuna kidogo. Sasa aliyatazama maandishi kama mtu atazamaye nyayo za mnyama asiyemjua, na aliposemeshwa Kiswahili alijibu Kiha. Waganga wa maradhi haya wameona mara nyingi kwamba lugha iliyojifunzwa ukubwani hutangulia kufifia na ile ya utotoni hubaki nyuma, mfano wa mwenye nyumba akaaye mpaka wageni wote wameondoka. Jambo hili dogo, la lugha, ndilo lililoamua mengi baadaye.

Daktari aliyempima hakusema, kama wengi wasemavyo, kwamba ni uzee tu. Alisema ni maradhi ya ubongo, na kwamba dawa ya kuyaponya haijapatikana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa na maradhi ya namna hiyo, na zaidi ya nusu yao waliishi katika nchi zisizo tajiri. Tanzania yenyewe si mgeni wa jambo hili: wataalamu waliowapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuitangaza kazi yao mwaka 2013, walikuta kwamba karibu watu sita au saba katika kila mia walikuwa nayo. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba hapana kata isiyo na mzee wa aina hii, ijapokuwa si kila kata ina jina la kuuita ugonjwa wake. Mahali pengine huitwa utoto wa pili, na mahali pengine, kwa bahati mbaya, huitwa uchawi. Katika baadhi ya sehemu za kanda ya Ziwa Viktoria vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na macho mekundu waliyoyapata kwa moshi wa jikoni yakafanywa ushahidi juu yao. Mama anayeingia ua wa watu alfajiri, akisema peke yake, anahitaji sana majirani wanaojua sababu.

Jaribio la kwanza la mwalimu lilikuwa kumwajiri msichana wa kazi. Msichana huyo alikuwa na umri wa miaka 18, mwadilifu, tena msafi. Aliagizwa kumlinda bibi asitoke, naye aliitii amri hiyo kama ilivyosemwa: alifunga mlango wa ua kwa kamba, akakaa karibu nao na simu yake. Bibi alipotaka kutoka alizuiwa. Alipouliza kwa nini, aliambiwa kwamba mwalimu amekataza. Siku ya tatu alipiga kelele kwa Kiha kwamba amefungwa jela na hajui kosa lake. Siku ya tisa msichana alikwenda kisimani, na aliporudi aliikuta kamba imekatwa kwa kisu cha jikoni.

Walimtafuta tangu saa sita mpaka saa kumi na moja. Walipita sokoni, wakapita zahanati, wakashuka bondeni. Aliyemwona ni mchunga mbuzi, mbali na kijiji, ameketi chini katikati ya shamba la muhogo la mtu mwingine, amevua kanga ya kichwani ameikunja magotini. Hakuwa amepotea. Hapo ndipo palipokuwa kwake.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba Waha hawakukaa tangu mwanzo katika vijiji vya nyumba zilizofuatana kando ya barabara. Kila mji ulisimama peke yake juu ya kilima, ukizungukwa na migomba yake, na moshi wa jirani ulionekana kwa mbali. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za kwanza za kuwahamishia watu vijijini. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwapatia watu shule, maji na zahanati kwa pamoja. Mama huyu alihama akiwa na umri wa miaka 29, mzigo kichwani na mtoto wake wa kwanza mgongoni. Mji wake wa kale ukawa mahame, kisha ukawa pori, kisha ukawa shamba la watu waliozaliwa baadaye. Ugonjwa ulipoifuta miaka ya kijijini ulimwachia njia moja tu ya kwenda nyumbani, na njia hiyo miguu yake iliijua.

Usiku huo mwalimu alimpigia simu kaka yake, mhasibu wa Dar es Salaam, yule aliyekuwa mgongoni mwaka 1972.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Mama amelala?"

"Amelala. Lakini kaka, mimi nitaacha kazi."

"Usiseme hivyo. Ukiacha kazi mtakula nini nyote? Mlete mama huku. Mimi ndiye mkubwa. Ni zamu yangu."

Maneno hayo yalikuwa ya heshima, na mwalimu aliyapokea kwa heshima. Lakini alimwuliza kaka yake maswali ambayo kwa kawaida hayaulizwi. Nani atakuwa nyumbani saa nne asubuhi? Kaka akasema yuko dada wa kazi. Dada huyo ni mtu wa wapi? Ni wa Singida. Anajua Kiha? Kaka alinyamaza. Mlango ukifunguliwa, mbele yake pana nini? Pana ngazi za ghorofa tatu, kisha barabara ya daladala. Na mama akitaka kwenda kwake? Kutoka Dar es Salaam mpaka Kumsenga ni zaidi ya kilomita 1,000.

Kaka alikuwa na shauri jingine. Miongoni mwa aliowajua alikuwamo Mrundi mmoja aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi wilayani Kibondo. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya Warundi waliokuwa wameikimbia nchi yao mwaka 1972, na mtu huyo na mama yake walikuwa miongoni mwao. Huko Marekani, alisema, kila asubuhi gari dogo huja mlangoni kumchukua mama, humpeleka katika nyumba kubwa yenye joto, viti vizuri na muuguzi wa kupima damu, na alasiri humrudisha. Kwa nini jambo kama hilo lisiwepo nyumbani?

Nyumba za namna hiyo zina historia yake. Uingereza, katika mji wa Oxford, daktari Lionel Cosin alifungua mwaka 1958, katika hospitali ya Cowley Road, jengo lililojengwa makusudi kwa wazee waje asubuhi na kurudi kwao jioni. Alikuwa ameona kwamba wazee wengi waliolazwa wangaliweza kulala kwao kama mchana wao ungalikuwa na mtu. Huko San Francisco, katika mtaa wa Wachina, watu waliotaka kuwajengea wazee wao nyumba ya kuuguzia walipiga hesabu wakaona gharama haibebeki. Wakachagua kituo cha mchana, wakakifungua mwaka 1973 katika jengo lililokuwa klabu ya usiku. Walikiita On Lok, jina la Kikantoni lenye maana ya makao ya amani na furaha, na humo wazee walipata chakula wanachokijua na watu wanaoijua lugha yao. Kufikia mwaka 2016 Marekani ilikuwa na vituo vya mchana vipatavyo 4,600, vyenye watu zaidi ya 286,000. Jambo la kutazamwa katika habari hizi si viti wala gari; ni kule kurudi jioni. Mzee hakuondolewa kwao. Aliazimwa kwa saa chache.

Walakini yule Mrundi aliongeza neno, naye kaka, kwa uaminifu wake, hakumficha dada yake. Katika kituo kile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua Kirundi. Mama alikaa kimya tangu saa mbili mpaka saa tisa, na aliporudi nyumbani alisema mpaka usiku wa manane, kama mtu aliyezuiliwa maji siku nzima kisha akapewa mtungi. Watumishi walimsifu kuwa ni mzee mtulivu sana.

Mwalimu alikwenda pia kwa afisa ustawi wa jamii. Alielezwa kwamba serikali inayo makazi ya wazee, na mkoani Kigoma yako Kibirizi, lakini makazi hayo ni ya wasiojiweza na wasio na ndugu. Hivyo ndivyo mambo yalivyo tangu asili, maana baadhi ya makazi ya namna hiyo nchini, kama yale ya Nunge huko Kigamboni, yalianza kwa wagonjwa wa ukoma waliotengwa na jamaa zao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo iliweka familia mbele, na makazi iliyafanya kimbilio la mwisho. Mwalimu hakuwa na ugomvi na jibu hilo. Aliona tu kwamba baina ya nyumbani na Kibirizi palibaki nafasi pana isiyo na jina. Kiswahili cha serikali kinavyo vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na kanuni zake zimeandikwa. Cha kushindia wazee mchana hakina neno lililozoeleka.

Iliyojaza nafasi hiyo ilikuwa nyumba ya ng'ambo ya bonde, hatua kama 300 kutoka kwa mwalimu. Mwenyewe alikuwa mjane wa miaka 68 hivi, mwenye ua mpana na mparachichi katikati. Mchana wanawake wazee wawili watatu walikuja uani hapo kuchambua maharage na kumenya muhogo, kwa sababu kivuli kilikuwa kizuri na mwenye kivuli alipenda maneno. Hapakuwa na bango, na hapana aliyedhani kwamba pale ni kituo cha kitu chochote.

Mwalimu aliomba ruhusa ya siku mbili, akaenda kukaa uani hapo pamoja na mama yake, akatazama. Alitazama njia ya kwenda chooni, akahesabu hatua, akaona mahali mtu anapoweza kuteleza. Alitazama mafiga yako wapi na nani huyakaribia. Alitazama iwapo mama akisimama kutaka kuondoka kuna mtu atakayesimama naye, na atasimama kwa namna gani. Hapo aliona tofauti kubwa kuliko zote. Mjane hakumzuia. Mama alipoinuka kwenda kwake, mjane naye aliinuka, akasema kwa Kiha kwamba na watoke pamoja, wakaizunguka migomba ya nyuma ya nyumba polepole, wakazungumza habari ya mkungu ulioiva; na walipotokea upande wa pili wa ua mama aliuona mparachichi, akauona mkeka, akakaa kama mtu aliyefika. Safari hiyo ilifanywa mara nne kwa siku moja. Yule msichana alikuwa ameagizwa kulinda, na ulinzi una lango. Mjane hakuagizwa neno.

Jambo la pili aliloliona ni kwamba mama alikuwa akimwita mjane wifi. Alikuwa na wifi kweli, ndugu wa mumewe, aliyekufa zamani. Mjane hakusahihisha. Aliitika, na siku ya pili alianza kumtania kama mawifi wataniavyo, kwamba kaka yangu alioa mvivu. Mama alicheka. Mwalimu alikuwa hajamsikia akicheka tangu mavuno.

Ikabaki habari ya malipo, na hapo ndugu walikaribia kukosana. Kaka alisema kumlipa jirani amtunze mama ni aibu. Watu watasema watoto wamemkodisha mama yao. Mwalimu alisema kutomlipa ni aibu kubwa zaidi, kwa kuwa mjane naye ana tumbo, na fadhila isiyolipwa huchoka. Mjane mwenyewe alipoambiwa habari ya fedha alikunja uso: "Mwalimu, mimi si hospitali." Suluhu ilipatikana katika lugha. Kutunza ni kuangalia kitu kisiharibike, lakini pia ni kumpa mtu zawadi kwa kazi iliyopendeza, kama mtu amtunzavyo mchezaji ngomani, na neno tuzo ni la ukoo huo huo. Basi haukutajwa mshahara. Kila mwisho wa mwezi mwalimu alipeleka unga, chumvi, sabuni na mafuta, na bahasha ya kaka ikawa chini ya sabuni. Mjane aliitoa sabuni, akaitazama bahasha, akauliza kama kaka hajambo. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba huu ni mzunguko wa bure wa kuepuka neno. Lakini bila mzunguko huo mjane angalikataa, na mama angalirudi kwenye kamba.

Mambo yalikwenda hivyo miezi mitatu. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, mwalimu alimvusha mama bonde; kila jioni alimfuata, akaulizwa na wazee wale ameshindaje na watoto wa watu. Mama alipewa ungo wa maharage, akayachambua. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Punje iliyooza aliijua kwa kidole kabla ya jicho.

Siku moja shule ilifungwa mapema kwa msiba, na mwalimu akafika uani saa saba. Mama alikuwa amesinzia mkekani. Mjane alikuwa amechukua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, safi, yanayong'aa, naye alikuwa akiyachanganya tena na makapi na punje mbovu. Alipomwona mwalimu hakuacha.

Mwalimu alihisi uso wake umepata moto. Alimwambia, kwa adabu lakini kwa ukali, kwamba mama yake si wa kuchezewa.

"Maharage ya kweli yalikwisha wiki mbili zilizopita," alisema mjane. "Nikimnyima ungo, anainuka kwenda kwake kutwa nzima. Wewe shuleni huwapi watoto hesabu ambazo jawabu lake umekwisha kulijua?"

"Nawapa, mama. Lakini wale ni watoto. Watakua, nao watapata hesabu za kweli."

Mjane alifikiri kidogo, akasema hilo ni kweli, kisha akaendelea kuchanganya.

Hoja hii haikumalizika siku hiyo, wala si rahisi kumalizika. Aliye upande wa mjane atasema kwamba kazi ni heshima, na mikono iliyofanya kazi miaka 70 haiwezi kulazwa mapajani kama vitambaa. Aliye upande wa mwalimu atasema kwamba kazi ya uongo ni heshima ya uongo, na kwamba mtu mzima ana haki ya kutodanganywa hata kama hajui kwamba anadanganywa. Mwalimu mwenyewe alikuwa akimjibu mama yake kila siku kwamba baba yuko kwenye mizinga. Alilikumbuka hilo alipokuwa akivuka bonde, na ukali wake ukapungua. Jumamosi alinunua sokoni debe la maharage yasiyochambuliwa akalipeleka. Yalipokwisha akanunua jingine. Maharage yaliyochambuliwa huuzwa bei nzuri kuliko yasiyochambuliwa, na tofauti hiyo ikawa ya mama na mjane, wakainunulia sukari. Lakini palikuwa na wiki ambazo debe halikupatikana, na katika wiki hizo mwalimu hakuuliza.

Ilikuwa katika wiki kama hiyo mama alipoinua macho kutoka kwenye ungo akamwambia mjane kwa Kiha, "Wifi, haya tuliyachambua jana." Wanawake wote walinyamaza. Mjane akasema ndiyo, tuliyachambua. Mama akautikisa ungo, akapuliza makapi, akaendelea.

Kaka alikuja Kumsenga mwishoni mwa mwaka, mvua zikiwa zimekwisha kuanza, mvua ambazo katika nchi hiyo huendelea hata Mei. Alikuwa na nia ya kuondoka na mama, na tikiti mbili za basi zilikuwa mfukoni mwake. Siku ya kwanza alikwenda kushinda uani kwa mjane, akaketi juu ya kigoda na suruali yake ya mjini, akapewa ungo. Alichambua vibaya, mama alimnyang'anya akamwonyesha. Siku ya pili alikata miti, akatengeneza kishikio cha mkono kutoka kwa dada yake mpaka chini bondeni, mahali penye utelezi, na ngazi za udongo zenye magogo. Alimwuliza mjane itakuwaje yeye mwenyewe akizeeka. Mjane akamjibu kwamba swali hilo amwulize dada yake, maana yeye ndiye mwenye ua utakaofuata. Habari hiyo mwalimu hakuwa ameambiwa.

Siku ya tatu, alasiri, mama aliinuka kwenda kwake. Mjane alikuwa jikoni, basi kaka akainuka mahali pake. Hakuijua ile njia ya kuzunguka migomba, naye mama hakugeuka migombani. Alishika njia ya kilimani, na mwanawe akamfuata nyuma, akimshika kiwiko penye mawe. Walifika katika shamba la muhogo. Mama aliketi chini pale pale alipokutwa na mchunga mbuzi, akaikunja kanga yake magotini. Kaka akaketi karibu naye katika udongo mbichi. Hapakuwa na kitu cha kutazama ila muhogo wa watu, na mbali kidogo mawe matatu meusi yaliyozama nusu ardhini, ambayo huenda yalikuwa mafiga na huenda hayakuwa. Walikaa muda wa kutosha kukauka jasho. Ndipo mama akasema na waondoke, mtoto aliye mgongoni ana njaa.

Walirudi kwa njia ya juu, kwa sababu bondeni maji yalikuwa yameongezeka.